Siku Kaseveni Ilipohamia Riruta

Kuna jambo moja ambalo nikilikumbuka nikiwa naoga, naacha kuoga kabisa, nasimama pale na povu kichwani nikitingisha kichwa peke yangu kama mtu aliyeletewa habari mbaya. Mke wangu akisikia maji yamenyamaza huko bafuni anajua. Ananiuliza kutoka jikoni, "Leo pia?" na mimi namjibu, "Leo pia." Imepita miaka mingi sasa, wengine waliokuwepo siku hiyo wameshatangulia, na nimeona heri niseme kwa mdomo wangu mwenyewe kabla Otieno hajawasimulia vile yeye husimulia (ya Otieno huwa na chumvi, na kwa hadithi yake eti mimi nililia. Sikulia. Macho yalijaa tu.)

Mimi ni mtu wa Kaseveni. Usijisumbue kutafuta kwa ramani, haiko. Ukipita Mwingi uendelee kule mto Tana uliko, lami inaisha, halafu barabara yenyewe inaisha, inabaki njia ya mbuzi, na hiyo njia ya mbuzi unaitembea nusu siku. Nikiwa mtoto kulikuwa na boma saba. Saba tu, na katikati ni vichaka, mawe na upepo. Mama akinituma chumvi kwa jirani asubuhi nilikuwa narudi saa ya chakula cha mchana, na sikucheza njiani. Kwa vile watu walikuwa wachache namna hiyo, ukikutana na mtu humpiti hivi hivi. Unaweka mzigo chini, mnasalimiana, unaulizwa habari ya mguu wa nyanya yako na ya ng'ombe aliyekuwa anakaribia kuzaa, na wewe unauliza zako, na jua linapanda mkiwa hapo hapo. Jioni ukiona moshi mahali unajua ni kwa nani. Usipouona moshi wa mtu siku mbili, unachukua fimbo unaenda kumwangalia. Hakuna aliyewahi kutufundisha hivyo. Ndivyo tulivyokuwa tunaishi.

Lakini nilipokuja Nairobi nikapata kazi ya kuuza spea za magari Kirinyaga Road, nikagundua kwamba hayo yote si mambo ya kujivunia. Wenzangu dukani walikuwa wa kutoka mahali panapojulikana. Mmoja akisema Nyeri, kila mtu anaitikia. Mwingine akisema Kakamega, kuna mtu ana shemeji huko. Mimi nikisema Kaseveni, wananiuliza kama ni dawa ya kikohozi. Basi nikazoea kusema "Mwingi," na siku nikiwa na bahati nasema "pale Machakos tu," na maisha yakaendelea.

Hii ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, wakati simu za mkononi zile nene zilikuwa zimeanza kuingia kila mfuko. Nilikuwa nakaa Woodley, kile chumba cha nyuma ya nyumba walichokuwa wanajengewa wafanyakazi zamani, na jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa Otieno, muuza bima, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye hajawahi kukutana na shida asiyodhani anaweza kuimaliza kwa kuongea. Na pale kanisani karibu na maduka ya Adams ndipo nilipompata Wanjiru, Shiru, mwalimu wa nasari, mzaliwa wa Riruta. Kila Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunatembea polepole Ngong Road nikimsindikiza, na yeye ndiye mtu pekee Nairobi nzima niliyemwambia ukweli wa Kaseveni. Sijui kwa nini kwake sikuona haya. Alikuwa ananiambia, "Nipee ingine," kama mtoto anayeomba hadithi, na mimi namwambia ya moshi, ya kuweka mzigo chini. Yeye kwao walikuwa wanasikia jirani akitafuna nyuma ya ukuta.

Sasa babake. Mzee Njoroge alikuwa na ploti za kupangisha hapo Riruta, mistari miwili ya nyumba za mabati na ghorofa moja isiyoisha, na alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kofia na koti hata jua likiwaka. Siku Shiru aliponipeleka nikanywe chai ajue sura yangu, aliniuliza kazi, akaniuliza kanisa, halafu akaweka kikombe chini akaniuliza, "Na huko kwenu ni mahali kubwa?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Angalia, swali lenyewe lilikuwa dogo. Ningesema, "Mzee, kwetu ni boma saba na upepo," tungecheka, chai ingeendelea. Lakini nilitazama dirishani nikaona watu wanavyopita kwa ile barabara yake, watu juu ya watu, wenye ndoo, wenye mikokoteni, na nikajiona mdogo kama punje.

"Kubwa sana, mzee," nikasema. "Watu ni wengi kabisa."

Akafurahi, mpaka akasogeza kiti. "Hiyo ni maneno. Basi siku ya familia zetu kujulikana mkuje wengi. Mimi sitaki watu watatu kama wale wa kusoma mita ya stima. Nataka kuona msichana wangu anaenda kwa watu."

"Tutakuja kama thelathini," nikasema. (Thelathini! Nani aliniuliza hesabu? Mdomo wangu tu ulijisemea, na Shiru akageuka akanitazama taratibu.)

Siku ikapangwa, Jumamosi baada ya miezi miwili. Mimi nikapiga simu kwenye duka moja la kituo cha soko, maana Kaseveni simu ilikuwa haishiki hata ukipanda juu ya mti, na kwa duka hilo ndiko ujumbe wetu ulikuwa unaachwa mpaka mtu wa kwetu apite siku ya soko. Nikamwomba mwenye duka awaambie anko Kilonzo na wazee wengine wawili waje Nairobi, nikampa na tarehe. Anko Kilonzo ni ndugu ya marehemu baba, ndiye aliyenilea. Wiki ikapita. Ya pili. Nikapiga tena, mwenye duka akaniambia, "Nilipatia mtu mmoja alikuwa anapita na punda." Nikamuuliza, mtu gani? "Sasa mimi nitajuaje? Alikuwa na punda." Ya tatu, ya nne, kimya. Ikabaki wiki moja, sina mzee hata mmoja, na nimeahidi thelathini.

Ningemwambia Shiru. Najua. Msiniangalie hivyo. Nilimwambia Otieno.

Otieno alinisikiliza akiwa amelala kitandani, miguu ukutani, akacheka mpaka kitanda kikalia. "Buda, hii tu ndiyo inakukosesha usingizi? Watu wako hapa Nairobi wamejaa. Wacha hiyo kazi kwangu."

"Otieno, hawa wanafaa kuwa Wakamba."

"Mtu akivaa koti na akanyamaza, ni kabila gani?"

Na mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, nikaona hapo amesema ukweli.

Jumamosi ile saa nne asubuhi tukakutana Adams Arcade, nyuma ya maduka, na nikakuta Otieno ameleta watu thelathini na wawili. Kulikuwa na kina mama wa kwaya ya kanisa lake wakiwa wamejifunga leso zinazofanana, kulikuwa na fundi viatu, kulikuwa na vijana wawili wa kuosha magari waliovalishwa makoti yaliyowafika magotini, na mbele yao wote alisimama Mzee Wafula, bawabu wa geti letu Woodley, Mbukusu kutoka Bungoma, na kofia ya manyoya aliyoipata sijui wapi na fimbo ya kutembelea ambayo hakuihitaji. Yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa anko Kilonzo. Wote walikuwa wameahidiwa kitu kimoja tu, kwamba kwa Mzee Njoroge kutakuwa na mukimo na nyama ya kutosha.

Nikawafundisha hapo hapo. "Mkiulizwa 'Wi museo?', yaani u mzima, mnajibu 'Ni museo.' Hiyo tu. Mkiulizwa kitu kingine, kohoeni."

"Ni museo," wakaitikia kwa sauti ya kwaya, sauti ya kwanza na ya pili.

"Na mnatoka wapi?"

"Kaseveni!"

Fundi viatu akainua mkono akauliza, "Hiyo ni hospitali?"

Hapo moyo uliniambia nirudi Woodley nijifungie ndani. Lakini basi dogo tulilokodi lilikuwa linanguruma, kina mama wameanza kupanda, na Otieno amenishika mkono, "Twende, bwana harusi."

Tulipokelewa vizuri mno. Kwa Mzee Njoroge walikuwa wamepiga hema uani katikati ya ile mistari ya nyumba, wapangaji wametoa vichwa madirishani, na kina mama wa kwaya walipoimba pale getini waliimba vizuri hata nikaanza kuona fahari, kana kwamba ni watu wangu kweli. Mzee Njoroge alisimama mlangoni akihesabu kwa macho, na kila mtu akiingia uso wake unazidi kung'aa. Tukaketishwa. Shiru akaja na birika la chai na wenzake, akapita mstari wa kwanza, akafika kwa Mzee Wafula. Sasa, mjue Shiru alikuwa anakuja kunitembelea Woodley. Mzee Wafula alikuwa amemfungulia lile geti mara ngapi?

"Chai, anko?" akamuuliza.

"Ni museo," akasema Mzee Wafula.

Shiru akammiminia. Halafu akainua macho akanitazama mimi, na sijawahi kutazamwa hivyo tena na natumaini sitawahi. Hakuonyesha hasira hata kidogo. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyefungua kabati akakuta kitu kimeoza. Akanipita bila kunimiminia.

Baada ya maombi, Mzee Njoroge akakaribisha wageni waseme wametoka wapi. Mpango ulikuwa Otieno aongee, ajifanye binamu aliyesomea Kisumu. Lakini Mzee Wafula, ambaye maisha yake yote alikuwa anafungulia watu wengine geti na hakuna aliyewahi kumpa nafasi ya kuhutubia, akainuka na ile fimbo yake.

"Kaseveni," akaanza, akanyamaza kidogo kama mhubiri. "Kaseveni yetu ni mahali pakubwa. Ukitembea unagongana na watu. Tuna soko. Tuna miwa, hata hamuwezi kumaliza. Tuna samaki." Nikamvuta koti. Akautoa mkono wangu. "Kijana huyu ametoka kwa umati! Msichana akija kwetu hatawahi kukaa peke yake hata dakika moja!"

Watu wakapiga makofi. Mzee Njoroge alipiga makofi akiwa amesimama. Nikaona labda tutapona.

Ndipo mbuzi akalia.

Alilia nje ya geti, mlio mmoja mrefu wa mbuzi aliyechoka safari, na mimi nikaujua huo mlio kabla sijageuka, maana mbuzi wa kwetu hulia kwa pua. Geti likafunguliwa. Wa kwanza kuingia alikuwa susu yangu Syokau (susu ni nyanya, ndivyo sisi tunaita), amejifunga shuka la rangi ya udongo, miguu ina vumbi mpaka magotini. Nyuma yake anko Kilonzo mwenyewe, na kile kikoti cha kijivu alichonunua mwaka nilioingia darasa la kwanza. Nyuma yake wengine, na wengine, kina mama wana vibuyu, wazee wamebeba kigunia cha pojo, mtu ana mtoto mgongoni, mbuzi anavutwa na kamba. Wakaingia wakasimama pale uani kwa mstari mmoja, wamesongamana, wakitazama ile ghorofa isiyoisha. Walikuwa kumi na tisa.

Mzee Njoroge akauliza kwa upole, "Karibuni. Na nyinyi ni kina nani?"

Anko Kilonzo akavua kofia. "Sisi ni watu wa Kaseveni," akasema. "Tuliandikiwa barua. Barua ilisema, karibuni nyote. Kwa hivyo tumetoka Jumatano, tumekuja sisi wote."

Shiru ndiye aliyeandika. Alikuwa ananiona kila Jumapili nikipiga simu dukani bila kupata jibu, akatuma barua kwa sanduku la posta la shule ya pale sokoni, akachora na ramani ya kutoka Naivasha Road mpaka kwao, na hakuniambia kwa sababu alitaka kunifurahisha. Aliandika "karibuni nyote" kwa adabu, vile sisi wote tunaandikaga. Lakini Kaseveni hilo neno walilichukua lilivyo. Barua ilisomwa boma moja baada ya jingine, na kila aliyeweza kutembea akatembea. Walitoka Jumatano kwa miguu, wakapanda lori la pojo, wakalala Ijumaa kwa mtu anayemjua anko Kilonzo huko Eastleigh, wakaamka wakaitafuta Riruta.

Pale uani kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake. Labda mtu angepata uongo wa haraka, lakini susu yangu alikuwa mtu wa Kaseveni, na mtu wa Kaseveni hawezi kuona watu akakaa bila kuwasalimia. Akaanza upande wa kushoto. Mtu mmoja mmoja. Anashika mkono kwa mikono yake miwili, anamtazama usoni, anamuuliza kwa Kikamba, "Wi mwana wau?", yaani wewe ni mtoto wa nani, kwa maana aliambiwa hapo mlangoni kwamba hawa ni jamaa ya Mutua (Mutua ndiye mimi), na hakuwa anaelewa ni vipi kuna jamaa wa Mutua yeye hawajui.

Fundi viatu akakohoa. Mama wa kwaya akakohoa. Vijana wa kuosha magari wakakohoa pamoja. Susu anaendelea, anaonekana kuhuzunika sasa, anadhani wote ni wagonjwa wa kifua. Akafika kwa Mzee Wafula.

"Wi mwana wau?"

"Ni museo!" akajibu Mzee Wafula kwa nguvu.

"Wi mwana wau?"

"Ni museo sana!"

Otieno akaruka. "Nyanya, huyu ni wa upande ule mwingine wa Kaseveni!"

Anko Kilonzo akamtafsiria. Susu akafikiria, akatikisa kichwa, akasema kitu kwa sauti ya chini, na anko Kilonzo, mtu asiyejua kudanganya hata kwa adabu, akakigeuza Kiswahili hapo mbele ya watu wote: "Anasema Kaseveni haina upande mwingine."

Dirishani kwa wapangaji mtu akaanza kucheka. Halafu mwingine. Mzee Njoroge hakucheka. Aliniita kwa jina, akaniambia nisimame katikati, pale penye jua.

"Mutua. Hawa thelathini ni nani?"

"Ni watu wa kanisa, mzee. Na majirani. Huyu ni bawabu wetu."

"Kwa nini?"

Nilitaka kusema jambo zuri. Likatoka lile lililokuwepo. "Niliona aibu. Kwetu hakuna watu."

Hapo ndipo aibu yenyewe ilipo, mkitaka kujua. Kuchekwa na wapangaji si kitu, wapangaji wale wangecheka hata tenki la maji likipasuka. Aibu ni kwamba nilisema hivyo nikiwa nawatazama hao kumi na tisa, na Kiswahili hicho kilikuwa rahisi, wote walikielewa. Anko Kilonzo aliirudisha kofia kichwani polepole. Aliniangalia kidogo, halafu akaangalia chini, kama yeye ndiye aliyekosa.

Mzee Njoroge akamgeukia. "Mzee, nyumbani mmemwacha nani?"

"Mbuvi," akasema anko. "Mguu wake si mzuri. Ana mifugo ya kila mtu. Na watoto wako shule, wanalala kwa mwalimu."

"Mtu mmoja?"

"Hatuna mwingine."

Mzee Njoroge akashika ncha ya koti lake. Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya kuhutubia, "Mimi hapa nina milango arobaini ya wapangaji. Nikiwaambia leo tuende safari ya siku tatu kwa ajili ya kijana wangu, sijui kama atatoka hata mmoja." Akawatazama wale wa madirishani, na vichwa vikaanza kurudi ndani. "Hawa wageni wakae mbele. Viti vya mbele. Na nyinyi wengine," akawageukia kwaya na Mzee Wafula, "hamtoki na njaa nyumbani kwangu. Lakini mtakula mkishawapakulia hawa."

Basi thelathini na wawili wangu wakageuka wahudumu. Kina mama wa kwaya wakafunga leso viunoni vizuri wakaingia jikoni, wale vijana wakabeba viti, Mzee Wafula akavua ile kofia ya manyoya akabeba beseni la kunawa, na alifanya kwa heshima zaidi kuliko alivyohutubia. Mimi nilidhani nitapewa na mimi kazi ya sahani, nijifiche huko. La. Mzee Njoroge akaniambia, "Wewe kuja hapa. Unijulishe watu wako. Mmoja mmoja. Jina, na ni nani kwako."

Nikaanza na wa kwanza. Nikasema, huyu ni susu yangu Syokau, aliyekuwa ananiamsha kabla ya jogoo kwa sababu shule ilikuwa mbali. Huyu ni anko Kilonzo, baba alipokufa alinihamishia kwake usiku huo huo na hakuniuliza kama nataka. Huyu ni Mama Mwende, nilipoumwa na nyoka yeye ndiye alinibeba mgongoni mpaka zahanati, na wakati huo alikuwa na mimba ya Mwende. Huyu ni Mzee Nzioka, alinipa viatu vyangu vya kwanza, vilikuwa vyake, tukajaza matambara mbele. Kila niliyemgusa alikuwa na kitu, na maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, na nikasahau kwamba niko Riruta, nikawa kama natembea tena kutoka boma moja hadi jingine nikiwa na miaka kumi. Hata sufuria jikoni zilinyamaza.

Nikafika wa kumi na tisa, yule mtoto wa mgongoni, sasa ameshushwa amesimama ameshika shuka la mamake, anatazama viatu vyangu. Sikumjua. Nilikuwa sijarudi nyumbani miaka minne.

"Huyu simjui," nikasema.

Mamake, Kanini, binamu yangu, akasema kwa sauti ndogo, "Ni Mutua. Tulimpa jina lako. Tulisema, wewe ukikosa kuja, awe anatuitikia."

(Hapo ndipo Otieno husema nililia. Nimeshawaambia.)

Siku hiyo hatukujulikana. Mzee Njoroge aliwashukuru wageni, akakubali kibuyu cha asali na pojo, akasema mbuzi amfuge yeye mwenyewe, lakini kuhusu mimi alisema nisirudi kwake kabla sijaenda kulala kwetu mwezi mzima, na nikirudi niletwe na anko Kilonzo, si na mtu mwingine. Shiru alinisindikiza mpaka getini. Nilimwambia pole. Akaniambia, "Hukunikosea mimi peke yangu. Anza na wale."

Nikaomba likizo dukani. Nikapanda, nikashuka, nikaitembea ile njia ya mbuzi. Susu alinipikia bila kuniuliza kitu. Anko Kilonzo aliniambia neno moja tu, kwamba kama nina la kusema niende nikaliseme kwa kila mtu kwake. Kwa kila boma, kwa hivyo. Nilitembea siku tatu. Riruta, watu wa idadi hiyo ningewamaliza kwa dakika kumi nikiwa nimesimama mlango mmoja. Huko nilikuwa natembea nusu siku nikirudia maneno kichwani, nafika, nawekewa kigoda, nasema nilichokuja kusema, mtu ananisikiliza mpaka mwisho, halafu ananiuliza habari za jua njiani na kunipa maji. Hakuna aliyenikemea. Ningependa wangenikemea. Mzee Nzioka alinishika bega akasema, "Tulikuwa tunajua Nairobi ni kubwa. Hatukujua inaweza kumfinya mtu hivyo."

Tulioana na Shiru mwaka uliofuata. Susu hayuko tena, wala anko Kilonzo, wala Mzee Nzioka. Boma zimebaki nne, na moja kati ya hizo nne ni yetu, tunakwenda kila Desemba na watoto, na Shiru ndiye anayewajua watu kuliko mimi. Wakati mwingine jioni anasimama nje anahesabu moshi.

Na mimi tangu wakati huo nimeazima vitu vingi maishani, nimeazima suti, sufuria, hata ngazi ya Otieno ambayo sijairudisha. Lakini mtu sijaazima tena, na sitaazima, hata kama nitakwenda mahali nikiwa peke yangu na mbuzi.